Mapitio ya OP9-DL1: Tandiko la Seli Linaloigiza Thaimasi kwa Nusu ya Safari

Mtu anayetaka kuona seli T ikizaliwa hukutana kwanza na ugumu wa mahali. Seli hizi, ambazo ni nguzo ya kinga ya mwili, hazikomai katika uboho wa mifupa zinakotoka seli mama zake, bali huhamia katika thaimasi, tezi laini iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, na humo ndimo inamoamuliwa ziwe nini, zipi ziishi na zipi zife. Mwaka 1961 Jacques Miller alionyesha kwamba panya wachanga walioondolewa tezi hii hubaki na upungufu mkubwa wa limfosaiti, yaani seli nyeupe za kinga zikiwemo T na B, na tangu hapo ikawa vigumu kuiona thaimasi kuwa kiungo cha ziada. Lakini kujua kwamba jambo hutendeka ndani ya tezi si sawa na kujua ni amri gani inayolitendesha. Mle ndani ishara nyingi hutolewa kwa wakati mmoja, na anayezima moja hujikuta amezitikisa nyingine tatu. OP9-DL1, bidhaa ninayoipitia hapa, ni tandiko la seli hai ambalo seli nyingine hulelewa juu yake; inaichukua amri moja kutoka katika tezi na kuiweka kwenye sahani ya plastiki, mahali ambapo mtafiti anaweza kuiwasha, kuizima na kuipima.

Nimeitumia kwa miaka kadhaa, nikiwa na seli za panya mara nyingi na seli za damu ya kitovu cha binadamu mara chache. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji aipime kila ninapoendelea. Kwa nusu ya kwanza ya ukuaji wa seli T, yaani kuanzia seli shina hadi hatua ambayo seli hubeba CD4 na CD8 kwa pamoja (CD na nambari ni majina ya protini za juu ya seli zinazotumika kama alama za hatua yake), sijakutana na chombo kinachofundisha wazi kuliko hiki. Kwa nusu ya pili, ambayo ndiyo ya uteuzi, yaani ya kuamua zipi ziishi na zipi zife, chombo hiki hakitoshi, na anayekitumia kana kwamba kinatosha atapata seli zinazofanana na seli T zilizokomaa bila kujua zimepitia mtihani upi.

Kinachokuja kichupani ni seli hai zilizogandishwa. Asili yake ni fuvu la panya mchanga wa aina inayoitwa op/op. Panya hao wana kasoro katika jeni ya M-CSF, protini ndogo inayolea makrofaji pamoja na seli zinazomeng'enya mfupa, na kwa kukosa seli hizo mifupa yao huwa minene kupita kiasi. Maradhi hayo huitwa osteopetrosisi, na kutoka hapo ndipo zilipopatikana herufi mbili za mwanzo za jina OP9. Kilichokuwa kasoro kwa panya kikawa faida kwenye sahani. Kwa kuwa seli za OP9 hazitoi M-CSF inayofanya kazi, seli shina zinazolelewa juu yake haziishii kuwa makrofaji kwa wingi, na limfosaiti hupata nafasi ya kukua. Mwaka 1994 Toru Nakano, Hiroaki Kodama na Tasuku Honjo walionyesha kwamba seli shina za kiinitete cha panya zikitandikiwa OP9 huzaa seli za damu za aina mbalimbali, zikiwemo seli B. Palikosekana seli T. Mwaka 2002, mjini Toronto, Thomas Schmitt na Juan Carlos Zúñiga-Pflücker walitumia virusi kuingiza jeni moja tu katika OP9, jeni ya protini ya juu ya seli iitwayo Delta-like 1, ambayo kifupi chake ni DL1. Seli shina zilezile, zilizokuwa zikizaa seli B juu ya OP9 ya kawaida, zikaanza kuzaa seli T juu ya OP9-DL1, na seli B zikatoweka. Jeni moja katika tandiko ilikuwa imebadilisha hatima ya seli iliyolala juu yake.

Thamani ya bidhaa hii haieleweki bila kukielewa kipokezi ambacho DL1 hukigusa. Kipokezi hicho ni Notch, na jina lake lina maana ya pengo, kwa sababu nzi wa matunda wenye kasoro katika jeni hiyo huwa na mapengo kwenye kingo za mbawa. Mwaka 1999 kazi mbili zilionyesha pande zote za jambo moja: panya walioondolewa Notch1 katika seli za damu walikosa seli T na badala yake thaimasi yao ikajaa seli B, na panya ambao uboho wao ulilazimishwa kuwa na Notch1 iliyowashwa daima walizaa seli T ndani ya uboho wenyewe na kukosa seli B. Hivyo amri ya kuwa seli T ilipatikana. Kinachonivutia ni ufupi wa njia yake. Vipokezi vingi hupeleka habari kwa kupokezana: kimeng'enya kimoja hubandika fosfeti kwenye kingine, nacho kwenye kingine, hadi habari ifike kwenye kiini cha seli. Notch haina wajumbe wa namna hiyo. DL1 inapokishika kipokezi, kimeng'enya ADAM10 hukikata upande wa nje, kisha kingine, gama-sekretesi, hukikata ndani ya utando, na kipande cha ndani cha Notch yenyewe husafiri hadi kwenye kiini, hushikamana na protini RBPJ iliyokaa juu ya DNA, na kuzifungua jeni zilizokuwa zimefungwa. Aliyepokea barua ndiye anayeifikisha. Kwa kuwa kipande hicho kikishatumika huharibiwa, kila ishara hulipwa kwa kipokezi kimoja, na seli inayotaka kuendelea kusikia lazima iendelee kutengeneza Notch mpya na kuendelea kugusana na tandiko.

Kugusana huko si neno la mapambo. Ukataji wa kwanza hauwezekani mpaka kipokezi kivutwe, na anayekivuta ni seli yenye DL1, inayoimeza DL1 yake kuelekea ndani huku Notch imeshikwa upande wa pili. Mgeni katika kazi hii huuliza kwa nini asimwage tu protini ya DL1 kwenye kimiminika cha kukuzia kama anavyomwaga homoni nyingine, na jibu ni hili: DL1 inayoelea haivuti chochote, na inaweza hata kuziba vipokezi visisikie. Lazima iwe imefungwa mahali, ama juu ya seli ama juu ya plastiki. Ndiyo maana bidhaa hii ni tandiko hai wala si unga wa kuyeyusha, na mzigo wote wa kulitunza, ambao nitaueleza kwa urefu, unatokana na ukweli huo wa kimekanika.

Matumizi yenyewe ni mepesi kuyaeleza. Seli za tandiko huoteshwa katika kimiminika cha alfa-MEM chenye seramu ya asilimia 20 hadi zikaribie kuijaza sahani. Juu yake huwekwa seli shina, na huongezwa IL-7 na Flt3L, protini mbili za kulea seli changa za damu, kila moja kwa nanogramu 5 katika kila mililita. Kila baada ya siku nne au tano seli zinazokua huondolewa kwa pipeti, hupitishwa kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 40 ili vipande vya tandiko kuukuu vibaki nyuma, kisha huhamishiwa kwenye tandiko jipya. Kwa seli shina za ini la kijusi cha panya, baada ya takriban wiki moja saitometa, mashine inayosoma alama za seli moja moja kwa mwanga, huonyesha kundi lenye CD44 na CD25, kisha lile lenye CD25 peke yake, na baada ya siku kama kumi na mbili huanza kuonekana zenye CD4 na CD8 kwa pamoja. Seli za binadamu hufuata njia ileile kwa mwendo wa polepole zaidi, wa wiki kadhaa, na anayezitumia asikate tamaa mapema. Seli za tandiko zimewekewa pia protini ya kijani inayong'aa, kwa hiyo saitometa huzitenga na seli zinazochunguzwa bila shida. Ni jambo dogo, lakini limeniokolea siku nyingi za kazi.

Nakumbuka mara ya kwanza nilipoitazama sahani kwa hadubini siku ya kumi: visiwa vya seli ndogo za mviringo, zinazong'aa kwenye kingo, vimekaa juu ya tandiko na vingine vimejipenyeza chini yake, hata zikaonekana kama vivuli vya kijivu. Zile zilizojipenyeza ndizo zinazogusana zaidi na DL1, na mtu akinyonya kimiminika cha juu peke yake huziacha nyuma zilizo muhimu kuliko zote. Sikuambiwa hivyo na karatasi iliyofuatana na kichupa. Karatasi hiyo ingepaswa kulisema.

Ishara ya pili ambayo bidhaa hii humruhusu mtafiti kuishika kwa mkono wake ni ile ya IL-7. Kipokezi chake kina sehemu mbili, mnyororo wa alfa wa IL-7 na mnyororo wa gama unaoshirikiwa na homoni nyingine kadhaa za kinga, na chini yake hufanya kazi vimeng'enya JAK1 na JAK3, ambavyo hubandika fosfeti kwenye STAT5, nayo huingia kwenye kiini na kuongeza protini za kuzuia kifo kama Bcl-2. Uzito wa njia hii kwa binadamu unajulikana kwa huzuni: watoto wa kiume wanaozaliwa na kasoro katika jeni ya mnyororo wa gama, iliyoko kwenye kromosomu X, hawana seli T, na maambukizi yanayopita kwa watoto wengine huwaua wao wasipotibiwa. Kasoro katika JAK3 huleta hali ileile kwa wavulana na wasichana. Juu ya OP9-DL1 mtu anaweza kuongeza au kupunguza IL-7 na kuona matokeo katika siku chache, na funzo lake halikuwa lile nililotarajia. Nilidhani homoni inayolinda uhai, ikizidi, itazaa seli T nyingi zaidi. Seli ziliongezeka kweli, lakini zilisimama katika hatua za mwanzo na zenye CD4 na CD8 kwa pamoja zikawa chache. Sababu ni kwamba ishara ya IL-7 ikiendelea kwa nguvu huzuia jeni zinazohitajika kuivusha seli hadi hatua hiyo, zikiwemo za TCF-1 na RORγt. Kwa kawaida seli yenyewe hupunguza kipokezi chake cha IL-7 wakati unapofika. Kwenye sahani iliyojaa IL-7 kupita kiasi, ukimya huo haupatikani. Kwa hiyo anayetafuta wingi wa seli changa aache IL-7 juu, na anayetafuta maendeleo aipunguze baada ya wiki ya kwanza. Sahani moja haiwezi kutoa vyote viwili.

Mahali ambapo bidhaa hii hung'aa kuliko popote ni kwenye kituo kiitwacho uteuzi wa beta, na hapo ningependa kukaa kidogo. Seli ikiwa katika hatua ya DN3, yaani haina CD4 wala CD8 lakini ina CD25, hukatakata na kuunga upya jeni ya mnyororo wa beta wa kipokezi chake cha baadaye. Kukata na kuunga huko ni bahati nasibu, na mara nyingi jeni hutoka imevurugika isiweze kusomeka. Seli inahitaji kujijaribu. Huutoa mnyororo wa beta, huuunganisha na mbadala wa muda uitwao pre-T alfa, na chombo hicho cha muda, kiitwacho pre-TCR, huleta ishara bila kushika kitu chochote cha nje. Kwa kufika tu kwenye utando, huwaamsha Lck, ZAP-70 na LAT, protini za kupeleka ishara ndani ya seli. Seli iliyofaulu huanza kugawanyika kwa kasi, huacha kukata jeni ya beta, na huelekea kubeba CD4 na CD8. Iliyoshindwa hufa.

Kwa muda mrefu lilikuwepo swali kama Notch bado ina kazi hapo, au kama seli ikishajitambua kuwa T huweza kuendelea kwa ishara ya pre-TCR peke yake. Ndani ya tezi swali hilo lilikuwa gumu, kwa sababu kuiondoa Notch huondoa seli kabla hazijafika kituoni. Maria Ciofani na wenzake katika maabara ileile ya Toronto walilijibu kwa njia iliyo rahisi hata nikiisoma leo huona haya kwamba mtu angeweza kuifikiria mapema: walichukua seli za DN3 zilizokua na kuzigawa, nusu juu ya OP9-DL1, nusu juu ya OP9 tupu. Kazi yao ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba hata seli zilizopewa mnyororo wa beta uliokamilika hazivuki kituo bila Notch. Ile ya mwaka 2005 ilionyesha sababu. Juu ya tandiko lisilo na DL1 seli zilisinyaa, ulaji wake wa glukosi ukapungua, zikafa. Na zilipopewa Akt iliyowashwa daima, kimeng'enya kinachosimamia matumizi ya sukari, ziliokolewa. Hivyo Notch haikuwa tu inasema uwe seli T. Ilikuwa pia inailisha seli inayofanya mtihani ili isife njaa kabla ya kupata matokeo.

Nimelirudia jaribio hilo na wanafunzi mara kadhaa. Jambo ambalo maelezo ya maandishi hayalifikishi ni kasi yake: ndani ya siku mbili au tatu tofauti ya ukubwa wa seli huonekana kwenye saitometa bila kingamwili yoyote, kwa mtawanyiko wa mwanga peke yake. Ukitaka tofauti ya tatu, ongeza juu ya OP9-DL1 kizuizi cha gama-sekretesi kama DAPT. Seli zitafanya kama zimelala juu ya OP9 tupu ingawa DL1 iko chini yake, kwa kuwa ukataji wa pili hauwezekani. Mtafiti ana vizuizi viwili katika sehemu mbili tofauti za njia moja, na vyote vikikubaliana, anaweza kuamini matokeo yake.

Sasa matatizo, ambayo si madogo. Seli za OP9 hupenda kugeuka kuwa seli za mafuta. Zikiachwa zibanane kwenye sahani siku mbili zaidi ya inavyofaa, hujaa matone yanayong'aa chini ya hadubini kama shanga, na tandiko hilo halifai tena. Hata zikigawanywa upya, haziwi kama zilivyokuwa. Zigawanywe zikiwa zimefikia asilimia 80 ya sahani, wala zisisubiriwe, hata kama siku hiyo ni ya mapumziko. Tatizo la pili ni la ukimya: baada ya kugawanywa mara nyingi, baadhi ya seli huanza kuzima jeni ya DL1 iliyoletwa na virusi. Mwanga wa kijani huenda ukafifia na kumwonya mtu, lakini sikushauri kuutegemea peke yake. Pima DL1 yenyewe kwa kingamwili kila baada ya muda, na gandisha vichupa vingi vya seli changa siku chache baada ya kupokea kichupa cha kwanza.

La tatu ndilo lililonigharimu zaidi. Seramu ya ndama hutofautiana kutoka mkupuo mmoja hadi mwingine, na OP9-DL1 huihisi tofauti hiyo kuliko seli nyingine zote nilizowahi kuzikuza. Msambazaji mmoja, ambaye simtaji, alinibadilishia mkupuo bila kunijulisha, lebo ikiwa ileile kasoro nambari ndogo ya chini. Kwa miezi miwili seli zangu zilikwama kwenye DN2, hatua inayotangulia DN3, nikabadilisha IL-7, nikabadilisha seli shina, nikatilia shaka mikono ya mwanafunzi aliyekuwa makini kuliko mimi, kabla hatujaisoma nambari hiyo. Tangu hapo naomba sampuli za mikupuo mitatu au minne, nazijaribu sambamba kwa wiki mbili, na nanunua wa mwaka mzima kutoka ule uliofaulu. Wauzaji wa bidhaa hii wangeweka onyo hilo kwa herufi kubwa, wangewaokolea wateja wao muda mwingi.

Nimesema kwamba nusu ya pili ya safari haimo kichupani, na sababu iko katika ishara yenyewe. Seli yenye CD4 na CD8 kwa pamoja ina kipokezi kamili, chenye alfa na beta, na swali linaloulizwa sasa si kama kipokezi kipo bali kama kinaitambua MHC ya mwili huu, yaani protini za juu ya seli zinazoonyesha vipande vya protini nyingine, na kwa nguvu kiasi gani. Kisipotambua chochote, seli hufa kwa kutopata ishara. Kikitambua kwa mshiko mwepesi, Lck na ZAP-70 huiwasha LAT kwa kiasi, RasGRP1 huiamsha Ras, na ERK, kimeng'enya cha mbele zaidi katika mfuatano huo wa ishara, huwaka polepole na kwa muda mrefu, seli huishi. Kikishika kwa nguvu, ERK hulipuka haraka, protini ya kuua Bim huongezeka, na seli hujiua, kwa kuwa ingeachwa ingekuja kuushambulia mwili uliomlea. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba hata mahali pa ishara hutofautiana: kwa mshiko wa kuuawa, Ras na ERK huwaka kwenye utando wa nje, na kwa mshiko wa kuokolewa huwaka ndani, kwenye Golji, mifuko ya utando inayopanga protini za seli. Njia ni ileile na protini ni zilezile. Hatima hubadilika kwa nguvu, muda na mahali tu, na kwangu hilo ni miongoni mwa mambo ya kustaajabisha zaidi katika elimu yote ya kinga. Zaidi ya seli 90 katika kila 100 hazivuki hatua hii.

Mtihani huo unahitaji watahini, na OP9-DL1 haina wanaotosha. Seli za OP9 zina MHC ya daraja la kwanza lakini hazina ya daraja la pili, kwa hiyo seli chache zenye CD8 peke yake hujitokeza mwishoni, ilhali zenye CD4 peke yake ni adimu mno. Hakuna seli za gamba la thaimasi zinazoandaa vipande maalumu vya protini kwa ajili ya uteuzi wa kuokoa. Hakuna pia seli za kiini cha tezi zenye AIRE, protini inayozifanya zionyeshe sampuli za protini za kongosho, za ngozi, za ini na za viungo vingine ili seli hatari zigunduliwe mapema. Watu waliozaliwa na AIRE mbovu hupata maradhi ya kinga kuzishambulia tezi zao wenyewe, jambo linalotosha kuonyesha ukubwa wa pengo hilo. Nimeona seli za CD8 kutoka kwenye sahani hizi zikiitwa zilizokomaa kwa sababu tu zimepoteza CD4. Kupoteza CD4 si ushahidi wa kuteuliwa. Angalia kama CD3 imepanda juu, angalia CD69 na CD62L, angalia kama zinajibu zinapochokozwa, na kama huna vipimo hivyo usiandike neno kukomaa.

Anayehitaji nusu ya pili ana njia nyingine. Ya zamani ni kukuza thaimasi nzima ya kijusi cha panya kwenye utando unaoelea, baada ya kuondoa seli zake za damu kwa kemikali ya dioksiguanosini, kisha kuweka seli anazotaka. Ni ya kuaminika kwa uteuzi, lakini tezi ni ndogo mno, seli zinazopatikana ni chache, na kuizima ishara moja ni kazi ngumu kama ndani ya panya. Ya karibuni ni viungo bandia vya thaimasi vilivyoelezwa mwaka 2017, ambapo seli za tandiko la aina nyingine, MS5 yenye DL1 ya binadamu, husukumwa pamoja na seli shina kuwa kitonge kimoja na kuwekwa kati ya hewa na kimiminika. Kwa seli za binadamu, kitonge hicho hutoa seli za CD8 zilizokomaa kweli kuliko nilizowahi kuziona kwenye OP9-DL1, na wanaochunguza watoto waliozaliwa bila seli T hutumia mifumo ya namna hii kujua kama kasoro iko katika seli za damu au katika tezi. Lakini kitonge hakiangaliki vizuri kwa hadubini, na hakigawanyiki katikati ya safari ili nusu ihamishiwe kwenye tandiko lisilo na ishara. Faida kubwa ya OP9-DL1 hupotelea hapo. Pia ipo njia isiyo na seli za tandiko kabisa, ambapo DL4, jamaa ya DL1, na VCAM-1, protini ya kushikisha seli, hubandikwa kwenye plastiki. DL4 ndiyo inayotumiwa na thaimasi yenyewe, na kwa anayekusudia kumrudishia mgonjwa seli alizozikuza, kutokuwepo kwa seli za panya kwenye sahani ni sababu tosha ya kuichagua.

Wanaochunguza leukemia (saratani ya damu) ya seli T nao watakifaidi chombo hiki, kwa sababu zaidi ya nusu ya wagonjwa wa leukemia hiyo wana mabadiliko yanayoiwasha NOTCH1, kama ilivyoripotiwa mwaka 2004, na kuwa na mahali ambapo Notch ya kawaida na ya ugonjwa huwekwa bega kwa bega ni msaada usio mdogo.

Kwa anayeagiza, agiza OP9 isiyo na DL1 siku ileile, iliyowekewa virusi vilevile vyenye protini ya kijani lakini bila jeni ya DL1, na uikuze kwa idadi ileile ya migawanyo. Kila matokeo niliyoyataja hapa yanayohusu Notch yalitokana na sahani mbili zilizokaa kando kwa kando katika inkubeta moja. Baadhi ya wauzaji huiorodhesha OP9 tupu kama nyongeza ya hiari, nami nimepokea maswali ya watu waliopata seli zenye CD25 na wasijue kama ni za DL1 au za seramu. Mimi huziyeyusha zote mbili pamoja, na ile tupu ikiharibika, na ile yenye DL1 huisitisha mpaka nyingine ipatikane.